Tufufue barua za mkono

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyoichapisha kuhusu Siku ya Posta Duniani, inayoadhimishwa kila Oktoba 9, kwani ilizungumzia vifurushi bila kugusa barua za mkono.

Barua ina utamu ambao ujumbe wa simu hauna: mwandiko wa mama aliyeko Makete, unaopanda na kushuka nje ya mistari, husomwa na kurudiwa, kisha hutunzwa sandukuni miaka mingi. Isitoshe, humlazimu mwandishi atulie na kupanga mawazo.

Nashauri shule za Iringa na Mbeya ziwaunganishe wanafunzi waandikiane kila muhula kupitia masanduku ya posta ya shule, na walimu wawaandae kwa shindano la barua la Umoja wa Posta Duniani, lililoanza mwaka 1971.

Msomaji wenu,
Iringa