Shangazi, kabla hujaenda kwenye sindano za Kichina

Shangazi, shikamoo.

Nimesikia umekubali kwenda hospitali ya Naguru, hapo Kampala, kwa ajili ya hilo goti, ila usingizi umekuruka kwa kuwaza sindano. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Uganda kwa zamu tangu 1983, kwa hiyo hutakuwa mgeni wao wa kwanza mwenye hofu.

Sindano uliyoizoea ina tundu kwa sababu inapitisha dawa. Ya akupancha, yaani hiyo tiba ya sindano za Kichina, haina tundu wala dawa. Ni kijiti cha chuma chembamba, unene wake kama robo ya milimita. Inapoingia utasikia kichomo kidogo, pengine usisikie kitu. Kinachofuata ndicho kinachowashtua wengi: daktari akiizungusha kidogo, mahali pale panakuwa pazito, au ganzi inatambaa kuelekea kwenye kifundo. Hali hiyo huitafuta kwa makusudi. Lakini maumivu yakiwa makali, kama shoti ya umeme, sema hapo hapo, usijikaze kwa heshima. Kisha utalala na sindano zako dakika 20 au 30. Simu ikilia, iache ilie.

Gomesi, lile gauni lako la Kiganda, iache nyumbani. Mpaka umalize kuufungua ule mshipi, foleni imeshakupita! Vaa dera au sketi pana inayopanda juu ya goti. Na ule kwanza, hata katogo kidogo ya matoke, kwa maana mwenye njaa na hofu ndiye anayezimia kwa urahisi.

Hakikisha pakiti mpya inafunguliwa mbele yako, na sindano zikitolewa zinatupwa. Kuuliza si utovu wa adabu; kuna homa ya ini na UKIMWI. Mwambie pia kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Akitaka kukuwekea vikombe vya kunyonya ngozi mgongoni, hiyo ni chuku tu, ndugu ya hijama; yale madoa meusi hukaa siku kadhaa.

Sasa, litapona? Goti lililosagika halirudi kuwa la msichana. Tafiti zinaonyesha wengi hupata nafuu ya maumivu, ila hata sindano za kuigiza, zisizochomwa kama inavyotakiwa, huleta nafuu isiyopishana sana na hiyo. Mimi sina ugomvi na nafuu, popote inapotoka, mradi hela ya vidonge vya presha isiguswe, na vidonge vyenyewe usiviache hata siku moja. Huenda utatakiwa kurudi kila wiki kwa wiki kadhaa. Ukiona umekwenda mara sita na goti ni lile lile, acha. Na yeyote atakayekuahidi kuponya sukari kwa sindano, achana naye.

Goti likivimba, likawaka moto na homa juu, hilo si la akupancha. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza usirudi kwa bodaboda. Wengine hutoka wamelegea, na kizunguzungu juu. Panda teksi, ukae dirishani.