Mtuambie saa ya kweli, hata kama mlichelewa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mimi ni daktari wa idara ya dharura, huu ni mwaka wangu wa 11, na kuna swali moja ninalojibiwa vibaya karibu kila zamu: "Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?"

Asubuhi moja, saa moja kamili, zamu yangu ya usiku ikielekea mwisho, aliletwa bibi mmoja mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia umelegea, haongei. Tulimtoboa kidole kwanza tupime sukari, maana sukari ikishuka sana mtu anaweza kufanana kabisa na mwenye kiharusi. Sukari ilikuwa sawa. Nikamuuliza binti yake swali langu.

"Imeanza saa kumi na mbili na nusu."

Imeanza, au ndipo ulipomkuta? Akanyamaza. Ndipo alipomkuta. Walikuwa wameagana saa tatu usiku wakienda kulala.

Niliishiwa nguvu. Kiharusi kinacholetwa na donge la damu kina dawa ya kuliyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Aliyeamka nacho tunamhesabia tangu alipoonekana mzima. Tangu saa tatu usiku zilikuwa zimepita saa 10.

Nyuma ya yule binti alisimama mtoto wa miaka tisa hivi, amekumbatia ndara za bibi yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi aliongea saa kumi." Nikachuchumaa nikamwomba anieleze vizuri. Aliamka kwenda kukojoa, aliporudi akaiacha taa inawaka, bibi akamwambia, "Zima taa, mjukuu wangu, ulale." Alitamka vizuri? Kama siku zote. Na saa uliijuaje? "Niliiangalia ya ukutani."

Saa kumi alfajiri! Tulikuwa bado na saa 1 na nusu. Tukamkimbiza kwenye kipimo cha CT, kinachopiga picha ya ndani ya kichwa, kuhakikisha ubongo hauvuji damu, na saa mbili kasoro robo dawa ikaanza kuingia mshipani. Siku ya tatu nilipita wodini nikamkuta ameshika kikombe kwa mkono wa kulia. Unatetemeka, lakini anashika mwenyewe.

Wapo wanaodhani tunang'ang'ania saa kwa urasimu tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha dawa hii inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3, na mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza mpaka hadi saa 4 na nusu. Lakini katika ule wa 1995, takriban wagonjwa 6 kati ya 100 waliopewa dawa walivuja damu ubongoni kiasi cha kuzidiwa, wakati kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na tiba ndani yake, hawakufika hata 1 kati ya 100. Kadiri muda unavyopita, faida inapungua na hatari inabaki. Kwa hiyo saa ya uongo inaweza kumfanya daktari aliyekusudia kuponya amuue mgonjwa.

Nilikaribia kufanya hivyo. Mke wa mgonjwa aliniapia kwamba mumewe ameanguka "sasa hivi". Picha ya CT ilipotoka, sehemu ya ubongo ilikuwa imeshakufa, jambo lisilotokea kwa dakika chache. Nilipomrudia alilia. Mumewe alilegea mkono tangu jana yake mchana, wakasubiri wakidhani ni uchovu, utapita. "Niliogopa mtanigombeza, daktari."

Na kweli tungemgombeza. Hilo nalikiri mbele ya wasomaji wako, na wenzangu wanaosoma wanalijua. Mtu anafika amechelewa, jambo la kwanza anasikia, "Mlikuwa wapi siku zote?" mbele ya foleni nzima. Akirudi siku nyingine atakuwa amejifunza kudanganya. Nimeacha kuuliza hivyo, na ninapomsikia muuguzi au daktari mdogo akiuliza, namwita pembeni.

Ninyi nanyi, ndugu wa wagonjwa, mkiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanamkwama ghafla, msisubiri. Inakadiriwa kwamba katika kiharusi kikubwa kisichotibiwa seli milioni 1.9 za ubongo hufa kila dakika. Andikeni saa hapo hapo, hata kiganjani, na mseme ni ya usiku, ya alfajiri au ya mchana. Niliwahi kukuta fomu ya mgonjwa aliyeanguka saa nane mchana imeandikwa 8:00, kwa sababu mwandishi aliandika namba aliyoisikia. Saa 6 zilipotea kwenye karatasi. Ilibidi tumtafute jirani kwa simu, dakika zinakwenda.

Mje na dawa zake zote, hasa kama anatumia za kuzuia damu kuganda, hata kama ni makaratasi matupu ya vidonge. Na kama kuna mtoto aliyelala chumba kimoja na mgonjwa, mje naye.

Daktari wa dharura
(Jina na anwani amebaki nazo mhariri)