Barua kwa Mwanangu Aliyeko Maskati

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, fedha ulizotuma zimefika, Mola akulipe kheri na akuzidishie. Mjomba wako amenisomea ujumbe wako kwamba mnakusudia kuiuza mikarafuu ya Ole ili nipelekwe India. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye mkubwa, na nataka jambo hili ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa watu: mikarafuu isiuzwe, na India siendi.

Madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road walinipa mionzi, nikapata nafuu, nikarudi Pemba. Kisha ugonjwa ukarejea na kuingia katika mifupa ya mgongo. Waliponieleza kuwa tiba inayonifaa sasa ni tiba shufaa, nduguzo walidhani tumeambiwa twende nyumbani tukangoje. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, nami najua maana yake ni kwamba bado ninatibiwa. Ninatibiwa maumivu, kichefuchefu, kukosa usingizi na hofu, na nyinyi mnaoniuguza mnatazamwa pamoja nami. Dkt. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's mjini London mwaka 1967, hospisi yaani mahali pa kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini peke yake; yamo pia katika mawazo yake, katika mambo ya jamaa zake na katika imani yake. Nayathibitisha hayo kila usiku, kwani likinijia wazo la mdogo wako na skuli yake, mgongo nao huzidi kuuma.

Sasa nikueleze habari ya mofini, dawa yangu ya maumivu, kwa sababu najua ndiyo iliyokutisha. Mama yako mdogo amekwambia napewa dawa ya kulevya, na kwamba itanimaliza. Ni dawa ya maji, chungu, napimiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, na wakati wa kulala napewa dozi mara mbili ya kawaida ili nisiamshwe usiku wa manane. Daktari alianza na kiasi kidogo, akawa anapandisha kwa kadiri ya maumivu, na ikipimwa hivyo haimwui mtu. Siku za mwanzo ilinipa usingizi na kichefuchefu, vikapita. Kinachobaki siku zote ni kufunga choo, ndiyo maana napewa na dawa ya kulainisha, na ukipiga simu uwakumbushe wasiiache hiyo. Kabla ya mofini nilikuwa nalala nimekaa, nimeuegemea ukuta, nikihesabu boriti. Usiku wa kwanza nilioinywa nililala mpaka adhana ya alfajiri, na nilipoamka nikaweza kutia udhu mwenyewe. Dkt. Anne Merriman alipoanzisha hospisi Uganda mwaka 1993 alitegemea dawa hii hii ya maji, iliyotengenezwa kwa gharama ndogo, akiwafuata wagonjwa majumbani. Na tangu mwaka 2004 wauguzi wa huko waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kuiandika wenyewe. Nilipokuwa kazini nimeona wagonjwa wengi wakifa wakipiga kelele, hali dawa ya kuwatuliza ilikuwa ikijulikana duniani. Hilo linaniuma hata leo, na sikubali nikatolewe kwenye dawa inayonifaa kwa ajili ya safari isiyonifaa.

Kuna siku mtaambiwa sili. Msinilazimishe, wala msidhani nakufa kwa njaa. Mwili unaofunga kazi zake hauhitaji chakula, na maji mengi ya dripu wakati huo huweza kunijaa kifuani. Nitoshelezeni kwa uji kijiko kimoja nikiutaka, na pamba yenye maji midomoni. Baadaye miguu itapoa, nitalala muda mwingi, na pumzi itakuwa inakatika kisha inarudi. Huenda kooni pakasikika mkoromo. Unawatisha walio kando kuliko unavyomtaabisha mgonjwa. Nilazwe ubavu wa kulia, uso kaskazini, ndiko kibla chetu. Shahada nitamkiwe kwa sauti ya chini, na nikishaitamka nisirudishiwe rudishiwe, ila nikisema neno jingine baada yake. Waambie watu wasibishane chumbani, kwani mgonjwa aliyefumba macho huenda bado anasikia.

Mdogo wako nimeshamwambia mwenyewe. Shangazi yako hakupendezwa, lakini baba yangu alipofariki mimi niliambiwa amesafiri kwenda Mombasa, na kwa muda mrefu kila jahazi lilipotia nanga nilikimbilia pwani. Mtoto anayefichwa hubaki na msiba wake peke yake. Amenilia, akaniuliza nani atamtia nguo za skuli pasi, nikamwambia ni shangazi, akanyamaza. Wewe nawe ulie. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Usikubali mtu akukataze machozi kwa jina la subira. Na matanga yakiisha, watu wakaenda zao, hapo ndipo mdogo wako atakapokuhitaji zaidi. Mpigie simu jioni, saa aliyozoea kukaa nami ukumbini, mzungumze habari zangu bila ya kuogopa kunitaja.

Madeni yangu ameyaandika mjomba wako, ni machache, yalipwe kabla ya kitu chochote. Mirathi itakwenda kwa sheria.

Lililobaki ni lako. Umeniandikia kwamba unaihifadhi likizo yako mpaka utakapoitwa. Mazishi yetu hayangoji, mwanangu. Atakapokupigia mjomba wako, mimi nitakuwa nimekwisha kuzikwa kabla hujapata ndege. Iombe likizo sasa. Kwa mofini hii asubuhi nazungumza vizuri, na adhuhuri nalala kidogo. Uje uchukue nafasi ya kunipimia dawa, shangazi yako apumzike, maana amechoka na hasemi.

Wassalaam,

Mama yako,
Chake Chake, Pemba