Nimwambie daktari wa meno kuwa nakunywa methadoni?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, nina mke na binti mmoja. Gego langu la chini upande wa kushoto limevunjika. Lilikuwa na tundu tangu zamani, na siku hiyo nilikuwa stejini nangoja abiria huku namumunya mabuyu. Kokwa moja ikapasua ukuta mzima wa jino. La kuvunjika nimeshalikubali. Linaloniumiza kichwa ni la daktari.

Zamani nilikuwa natumia unga, yaani heroini. Kwa mtu wa Malindi sina haja ya kueleza zaidi. Nimeacha, na kilichonivusha ni methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga. Huduma hiyo ilifika mjini kwetu mwaka 2015, na mpaka leo tunapanga foleni kila asubuhi: unataja jina, unamiminiwa dawa yako ya maji, unainywa mbele ya muuguzi, unakwenda zako. Mimi nikitoka pale nawasha tuktuk natafuta riziki. Mke wangu anajua. Wakwe zangu hawajui. Wao wananijua kama kijana wa kazi asiyelala na hesabu ya mwenye tuktuk, na kusema kweli hiyo sifa naipenda.

Sasa lile gego. Mchana naweza kujikaza, ingawa upepo wa kusi ukinipiga mdomoni nikiwa barabara ya Watamu nafunga breki bila kutaka. Usiku ndio taabu. Nikiegemeza kichwa tu kwenye mto, linaanza kugonga mpaka sikioni. Nikakaa kitako kitandani mpaka adhana ya alfajiri.

Nikaenda kliniki moja ya binafsi. Daktari akanipiga picha, akasema kiini cha jino kiko wazi, kwa hiyo ni mawili: kung'oa, au kusafisha mizizi na kuliziba. Akanichoma ganzi, ikashika nusu nusu. Akaongeza, bado nikaruka kitini. Akanieleza kwamba kiini kikishavimba hivyo ganzi huwa haishiki vizuri, nirudi maumivu yakipungua. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi ulianza nilipomuuliza nitakaaje mpaka siku hiyo, naye akaniuliza kama kuna dawa nyingine natumia. Nikamwambia. Kalamu ikasimama. "Wewe kila siku unakunywa dawa kali ya maumivu, nikuongeze nini tena?" Na hakusema kwa sauti ya chini, Shangazi. Mlango ulikuwa wazi na watu wamejaa benchi la nje. Nikatoka na paracetamoli za kuhesabu, na macho ya watu mgongoni.

Kesho yake nikamsimulia muuguzi wetu wa methadoni. Akasikitika kweli. Alivyonieleza, dozi yangu inazuia arosto (yale mateso ya mwili ukikosa unga) mchana kutwa na usiku kucha, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu ni ya saa sita, pengine nane, na kwa mwili uliokwisha kuizoea hata hiyo haionekani. Kwa hiyo jino linaniuma kama linavyomuuma mtu mwingine yeyote. Akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo, figo au presha, sina. Akaniambia nichanganye ibuprofeni ya miligramu 400 na paracetamoli gramu 1, nile kwanza, na kwa saa 24 paracetamoli isipite gramu 4. Zimesaidia kuliko nilivyotarajia. Napata usingizi wa vipande.

Mama mkwe, ambaye anajua habari za jino tu, ananiletea mafuta ya karafuu kwenye pamba. Yanapooza kidogo, kisha linarudi. (Halafu nikakumbuka kile chumba cha daktari nacho kilinukia karafuu, kumbe hata wao huzitumia katika dawa ya kuzibia jino kwa muda.) Shemeji akaja na amoksilini za duka la dawa. Muuguzi akasema hizo ni za usaha, uvimbe wa uso na homa. Kiini kilichovimba haziwezi kukinyamazisha. Na pale stejini yuko kijana ananiambia anazo tramadoli, nichukue mbili tu nilale. Huyo namkwepa. Najua zile mbili zinakwenda kuishia wapi.

Nimepata nafasi kliniki nyingine, Alhamisi ijayo. Nilipanga safari hii ninyamaze, nijifanye mtu kama watu wengine. Muuguzi akanikataza kabisa. Anasema ziko sindano za maumivu ambazo mtu wa methadoni akichomwa anaangukia kwenye arosto papo hapo, na dawa nyingine zikichanganyika na methadoni zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari lazima ajue kabla hajaandika chochote. Ameniandikia barua, dozi yangu imo, na namba yake ya simu ili daktari ampigie.

Tatizo ni kwamba anayekaa mapokezi pale ni binti wa mama mdogo wa mke wangu. Barua ile akiifungua, Ijumaa itakuwa imefika kwa wakwe kabla ya biriani. Kwenda Mombasa nimefikiria. Ni kama kilomita 120, na lazima ninywe dozi yangu asubuhi kwanza, nipoteze hesabu ya kutwa, na kusafisha mizizi si kazi ya siku moja.

Mke wangu anasema tuwatangulie, tumweleze baba yake wenyewe. Mimi naona gego lisinilazimishe kufungua siri ya ndoa. Je, ninayo haki ya kukataa kuitoa barua mapokezi na kuomba nimkabidhi daktari mkononi, mlango ukiwa umefungwa? Akinijibu kama yule wa kwanza, nimwambie nini bila kuonekana teja anayebembeleza vidonge? Na kwa mkwe, niende kabla ya Alhamisi au ningoje?

Nijibu mapema, tafadhali.

Dereva wa tuktuk,
Malindi