Msimharakishe mtoto wa kikapu kusema ndiyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Magazeti ya nyumbani hupenda kuandika kwamba kijana wetu fulani wa mpira wa kikapu "apata skolashipu Marekani", na mimi pia hufurahi kuzisoma habari hizo. Ninaishi Fort Worth, Texas, ninamlea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Arusha. Anamaliza sekondari katika shule binafsi huku na anacheza senta. Safari hii usajili wa vyuo nimeuona nikiwa nimekaa mle mle ofisini, na ndiyo maana ninaandika.

Chuo humwalika kijana kutembelea kwa gharama zao. Akifika anakuta jezi yenye jina lake imetundikwa, mpiga picha anamsubiri, picha yake iko kwenye skrini kubwa ya uwanja. Siku mbili nzima mtoto wa miaka kumi na saba hasikii kingine ila sifa. Asubuhi ya kuondoka anaitwa ofisini kwa kocha mkuu. Kocha aliyemwita mpwa wangu alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba nafasi ni moja, kuna vijana wengine wawili wanaitaka, na angependa kupata jibu kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikauliza kama kuna karatasi inayoonyesha chuo kinatoa nini na kwa miaka mingapi. Akajibu kwamba karatasi itakuja kijana akishakubali.

Wazazi wengi nyumbani hawajui kwamba "ndiyo" hiyo ya mdomo haimfungi mtu yeyote kisheria. Zamani kulikuwa na hati maalumu, iliyoanza mwaka 1964, ambayo mchezaji akiisaini alijifunga na chuo kwa mwaka mmoja wa masomo. Tena ilieleza wazi kwamba amejifunga na chuo, si na kocha, hivyo kocha akihama kesho yake, kijana anabaki. Hati hiyo ilifutwa Oktoba 2024. Siku hizi kinachohesabika ni mkataba wa ufadhili uliosainiwa na chuo chenyewe. Kabla ya huo kuna maneno tu.

Lakini maneno hayo yana uzito upande mmoja. Mtoto akishatangaza kwamba ameamua, vyuo vingine huacha kupiga simu. Makocha wasaidizi waliokuwa wakimtumia ujumbe kila jioni wananyamaza. Chuo alichokikubali hakinyamazi. Kinaendelea kutafuta, na akipatikana anayewafaa zaidi, mtoto hupigiwa simu fupi. Ndiyo maana kocha anataka jibu mapema. Anajiwekea akiba.

Na siku hizi wa kumfaa zaidi hakosekani. Tangu Aprili 2024, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inamruhusu mchezaji kuhama chuo hata kila mwaka na kucheza papo hapo bila kusubiri, mradi masomo yake yako sawa. Uhuru huo nauunga mkono, makocha wenyewe huhama wapendavyo. Ila kila majira ya kuchipua mamia ya wachezaji waliokomaa huwa sokoni. Kocha ambaye kibarua chake kinategemea ushindi wa msimu ujao, akiweza kumpata mtu wa miaka ishirini na mbili aliyekwisha kucheza misimu mitatu, atamsubiri kijana wa sekondari mpaka lini? Na kikosi ni kidogo. Vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji, ulioanza Julai 2025, havizidishi wachezaji 15. Kwa hiyo kocha akisema nafasi ni chache hadanganyi. Ninachokataa ni kutumia uchache huo kumnyima mtoto muda wa kusoma karatasi.

Kwa mtoto mgeni hatari ni kubwa zaidi. Mwenzake wa Kimarekani akiachwa mwezi Mei, ataingia chuo cha jamii karibu na kwa mama yake na kujaribu tena. Wetu anaishi kwa viza ya mwanafunzi. Akimaliza sekondari ana siku 60, na ndani ya muda huo awe ameshahamishiwa chuo kingine au aondoke nchini. Ili chuo kimpe fomu ya I-20, ile ambayo viza ya mwanafunzi huitegemea, lazima ionekane nani analipa ada, malazi na chakula. Neno la kocha haliandikwi kwenye fomu hiyo. Zile habari za wachezaji wa vyuo kulipwa maelfu ya dola na wafanyabiashara wanaotumia majina yao, jambo lililoruhusiwa Julai 2021, nazo zisiwapumbaze wazazi: mwenye viza hii amebanwa sana kuhusu kazi na malipo, na akikosea viza yenyewe inaweza kwenda. Amwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Kilichoniumiza zaidi kilitoka kwetu wenyewe. Usiku ule ule dada alinipigia simu: "Kaka, mwambie mtoto akubali. Watu wameshasikia, mchungaji ametangaza kanisani." Kundi la familia la WhatsApp lilikuwa limejaa pongezi kwa skolashipu ambayo haikuwa imeandikwa popote. Ninamwelewa dada yangu. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Tangu hapo kila mwenye mtoto mrefu nyumbani ana haki ya kuota. Ila mtoto alikuwa chumbani kwake anasoma pongezi zile moja moja, na kila moja ilimfanya aone kwamba akiomba muda atakuwa ameuaibisha ukoo. Kocha wa timu yake ya kiangazi naye akamwambia bahati haiji mara mbili.

Kwa watu wazima wanaomzunguka mchezaji naomba tuwe macho. Septemba 2017 waendesha mashtaka wa serikali kuu, New York, waliwashtaki watu kumi, wanne kati yao makocha wasaidizi wa vyuo vikubwa, kwa mambo ya fedha zilizopitishwa kwa siri. Katika mojawapo ya kesi hizo ilielezwa jinsi familia ya kijana mmoja ilivyoahidiwa dola 100,000 ili aende chuo fulani. Kijana hakushtakiwa kwa lolote. Hata hivyo hakucheza mechi hata moja ya chuo. Alikwenda kuanza maisha ya kulipwa Australia. Kila mtu aliyekuwa akimshauri kijana yule alikuwa na hesabu yake.

Mpwa wangu aliandika ujumbe mwenyewe, kwa adabu, akaomba wiki moja na nakala ya mkataba. Ijumaa ikapita bila jibu. Baadaye tukaona kwenye ukurasa wa timu ile kijana mwingine amepigwa picha na jezi ileile, amehamia kutoka chuo kingine. Mtoto alilia. Akaniuliza, "Mjomba, ningesema ndiyo si ningekuwa pale?" Nilimwambia ukweli ninaouamini: labda mpaka yule alipopatikana. Bado hajapata chuo, anaendelea na mazoezi, na sijuti hata kidogo kwamba aliomba muda.

Mhariri, ninakuomba mwandishi wako akiletewa habari ya skolashipu aulize kwanza kama chuo kimesaini mkataba, ni wa miaka mingapi, na kama unalipa kila kitu au nusu. Kama hakuna, habari isubiri. Kuichapa ni kumwongezea mtoto mzigo. Na wazazi, dai kwamba karatasi itatangulia jibu si utovu wa adabu. Ulizeni pia mtoto akiumia goti itakuwaje, na kocha akiondoka itakuwaje. Vyuo vingine haviudhiki na maswali hayo. Kimoja, kidogo, kilimjibu mpwa wangu yote kwa maandishi kabla hajaombwa kuamua lolote, na huko ndiko tunakokwenda kutembelea sasa.

Mjomba mtu,
Fort Worth, Texas, Marekani