Pesa za kuondoa sumu zilifuate gari hadi Kilindini

Mhariri,

Majuzi nilipita kwenye yadi moja ya vyuma chakavu huku Magongo nikitafuta mota ya waipa. Nikamkuta kijana, ndevu hazijamwota vizuri, ameinamisha betri ya gari juu ya mtaro maji yake yamwagike, maana mnunuzi huitaka kavu. Miguuni alivaa ndala. Asidi ilipogusa udongo wetu huu wa matumbawe ilifoka povu, kisha ikafuata mtaro kuelekea nyumba za watu. Nikamwambia, “Mwanangu, hiyo itakuunguza.” Akanijibu kwa adabu, “Haya ni maji tu, mzee.”

Jibu hilo limeninyima usingizi. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, mwaka wa 22 sasa, na ni sisi mafundi tulioizoeza midomo ya watu kusema “maji ya betri”.

Gari likichakaa hapa Mombasa halitupwi lote. Injini na gia boksi vina wateja, milango ina wateja, bodi hukatwa kwa gesi ikapelekwa kuyeyushwa. Sailensa ya kuchuja moshi hutangulia kung'olewa kwa sababu ya platinamu na paladiamu iliyomo. Kinachobaki ni kile kisichonunuliwa na mtu: mafuta ya breki, maji ya rejeta yenye glaikoli (ni matamu, na mtoto au mbuzi akiyanywa figo humharibika), sponji za viti, plastiki, taa za zenoni za zamani zenye zebaki. Gesi ya AC hufunguliwa ikapeperuka, na kilo moja tu ya ile iitwayo R-134a hupasha dunia joto kuliko tani nzima ya hewa ya ukaa. Oili chafu angalau huokotwa, ikapakwa kwenye nguzo za nyua kuzuia mchwa, halafu mvua ikaishusha visimani. Mifuko ya hewa, ile inayofura gari likigonga, nayo ina baruti ndani. Ile ya kampuni ya Takata, iliyorudishwa viwandani kwa mamilioni duniani kote, huharibika zaidi palipo na joto na unyevu, na sote tunaijua hewa ya Pwani. Vijana wanaikata na tochi za gesi pasipo kuambiwa.

Betri ni tofauti, kwa kuwa yenyewe ina bei. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Lakini bei peke yake haitatuokoa. Mtaa wa Owino Uhuru hauko mbali na hapa nilipo. Kiwanda kiliyeyusha betri za magari kando ya ukuta wa makazi ya watu wapatao 3,000 hadi kilipofungwa mwaka 2014, na vumbi la risasi likaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga aliathirika, aliwapigania wenzake akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyedumaa akili kwa risasi haponywi na hukumu.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Magari yetu mengi hutoka Japani, na kwa sheria yetu hayaruhusiwi kuingia yakipita umri wa miaka minane. Kule Japani, tangu mwaka 2005, anayenunua gari hulipa mapema ada ya kulishughulikia litakapokufa: kuondoa gesi ya AC, mifuko ya hewa, na mabaki ya gari lililosagwa. Kwa gari dogo ada hiyo kwa kawaida huwa kati ya yeni 6,000 na 18,000. Wajapani walijifunza kwa uchungu. Katika kisiwa cha Teshima mabaki ya aina hiyo yalimwagwa kinyume cha sheria kwa miaka, na kuondoa takriban tani 900,000 za taka kulimalizika mwaka 2017 tu.

Lakini gari likiuzwa nje ya nchi, mmiliki wa mwisho huruhusiwa kudai ada ile arudishiwe. Gari lapanda meli, pesa zabaki kule. Likifika bandari ya Kilindini, sumu imo yote na senti ya kuiondoa haimo.

Naiomba serikali yetu iikabili Japani kuhusu jambo hili waziwazi, ada hiyo ilifuate gari. Wakati tunangoja jibu, tuitoze wenyewe bandarini. Gari halitoki pale kabla ya kulipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT na tozo ya reli, kwa hiyo njia ya kukusanya ipo. Pesa hizo zisimezwe na hazina kuu. Ziwekwe kando, alipwe mwenye yadi atakayeonyesha kwamba amekamua oili, amenasa gesi, amelipua mifuko ya hewa kwa utaratibu na kukabidhi betri ikiwa na asidi yake ndani kwa mnunuzi mwenye leseni. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, irudishwe hapo hapo, maana leo magari yaliyokwisha kukatwa vipande bado yako hai kwenye makaratasi. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 tayari inamtwisha anayeleta bidhaa nchini mzigo wa mabaki yake.

Waagizaji watasema bei itapanda. Itapanda, ndiyo. Hata hivyo yeni 18,000 haziwezi kununua tairi nne mpya za gari dogo, na mimi niko tayari kulipa.

Wala yadi hizi zisifungwe. Januari 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umma, na waliolala njaa ni vijana kama yule wa Magongo. Nimempelekea buti na glovu. Sakafu ya simiti, matangi ya kukamulia oili na mashine ya kunasa gesi siwezi kumpelekea mimi.

Fundi wa umeme wa magari,
Changamwe, Mombasa