Shoga, rudia dawa zako

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Habari nyingine utazipata baadaye, maana leo nimekasirika.

Bi Saumu kapitia kwangu jana, ananiambia umeacha vidonge vya tumbo. Eti unasukutua maji ya karafuu asubuhi na jioni, kwa sababu ugonjwa wa utumbo unatoka mdomoni. Kakwambia nani? Kama ni yule bwana wa Chumbageni, ndiye huyo aliyemuuzia Mzee Kombo... haya, tuyaache.

Kinachoniudhi zaidi, maneno yenyewe yana ukweli ndani yake. Nilimbana Rama, si unajua anasomea meno, akanieleza mpaka chai ikapoa. Mdomoni mna bakteria aina mamia. Kila siku tunameza mate kama lita nzima, nao wamo humo. Wengi wanakufa kwenye tindikali ya tumboni, na wanaopita wanakuta utumbo una wenyeji wake. Lakini utumbo ukiwa umevimba, au antibiotiki zikiwafagia wenyeji, wageni wanapata pa kukaa. Mwaka 2017 watafiti wa Japani walichukua mate ya wagonjwa wa utumbo, wakawapa panya waliofugwa bila bakteria yoyote. Bakteria mmoja, klebsiela, iliyokuwa kwenye mate ikaota utumboni, kinga ya mwili ikacharuka, na wale panya wepesi wa kuugua wakavimba utumbo vibaya. Mkubwa wa watafiti hao anaitwa Kenya Honda! Nikadhani Rama ananitania, nusu nchi nusu pikipiki.

Sasa hapo nani kataja karafuu? Na hao ni panya, shoga. Rama anasema hata kama fizi zinachochea ugonjwa, kusukutua hakuponyi utumbo ambao tayari una vidonda. Vidonge vyako ndivyo vinavyoutuliza.

Ila fizi nazo usizipuuze. Asubuhi ya harusi ya Rehema nilikuona ukipiga mswaki pale uani: ulitema, povu likatoka na uzi wa damu, ukalimwagia maji haraka nisione. Niliona. Ukoga ukishakuwa jiwe hautoki kwa karafuu wala kwa mswaki, unakwanguliwa na daktari wa meno. Kamwone, na vidonge uendelee navyo. Yote mawili, Mwanahamisi, usinichagulie moja.

Umeacha dawa tangu lini? Choo bado kina damu? Umekonda? Daktari wako anajua, au unamkwepa kama ulivyomkwepa mwalimu wa hesabu? Au ni hela, ukaona haya kusema? Nikutumie nauli uje na basi la asubuhi kutoka Pangani, twende wote hospitali ya Bombo? Nijibu leo, usimtume Bi Saumu. Na sinia langu la shaba, ni kweli liko kwako?

Wako,
Mama Zuhura